Makokha Aliyejua Plagi za Dunia Nzima

"Niulizeni mji wowote! Wowote ule duniani! Nikikosa jibu, hii suti nawaachia hapa, naenda nyumbani na soksi!"

Maneno hayo Maxwel Makokha aliyasema kwa maikrofoni Desemba iliyopita, kwenye arusi ya rafiki yetu kule Njoro, mbele ya watu mia tatu na keki ya ghorofa nne. Suti ilikuwa ya kukodi, kwa hivyo alichokuwa anaweka rehani ni mali ya mtu mwingine, lakini hilo tulilijua sisi wachache.

"Malta!" mtu akapaaza sauti kutoka nyuma, karibu na sufuria za pilau.

"Plagi ya miguu mitatu kama yetu. Wanaendesha kushoto kama sisi. Pesa ni yuro. Mwingine!"

"Japani!"

"Usimwachie weita bakshishi. Atakukimbiza mpaka nje akurudishie, akidhani umesahau. Mwingine!"

Watu walicheka hadi bwana arusi akasahaulika. Binamu wa bibi arusi akarekodi, video ikaingia mtandaoni, na kabla ya Krismasi ilikuwa imefika Kuresoi, kule juu milimani, ambako ukitaka mtandao unapanda juu ya trela ya viazi. Huko ndiko ilikotazamwa mara tatu na mzee mmoja ambaye hakucheka hata mara moja. Nitamfikia.

Makokha ana miaka thelathini na mbili na hajawahi kuwa na pasipoti. Upande wa mashariki amefika Nairobi. Upande wa magharibi amefika Molo, alikoenda kununua laptopu ya mitumba akakuta ni skrini peke yake. Ukiacha safari moja ya utotoni, hiyo ndiyo dunia yake ya miguu. Dunia yake ya vidole ni kubwa zaidi. Anapanga chumba Kiamunyi, mtaa wa Nakuru, na kazi yake ni kuandikia tovuti za wasafiri zile kurasa za maswali na majibu. Je, ni salama kutembea mjini jioni? Je, wanapokea kadi? Je, nibebe koti? Ukitaka kwenda Lisbon na uulize intaneti kama maji ya bomba yananyweka, kuna uwezekano aliyekujibu ni mtu wa Kiamunyi ambaye mfereji wake unatoa maji Jumanne na Ijumaa.

Mimi huwa ananigawia kazi ikizidi. Niliacha diploma ya utalii mwaka wa pili, kwa hivyo ananipa visiwa vidogo vidogo.

Kitu cha kwanza utakachoona ukikaa naye ni goti la kulia. Halitulii. Akiandika linatetemeka, akila linatetemeka, kanisani linatetemeka hadi benchi nzima inadhani Roho ameshuka. Amehama nyumba nne Kiamunyi katika miaka mitano, na zote nne unaweza kusimama katikati yake ukarushia kila moja jiwe. Kila jioni anafungua tovuti ya ndege, anachagua safari, anachagua kiti cha dirishani, anajaza jina, simu, chakula asichokula. Ukurasa ukifika pale pa namba ya pasipoti anaufunga, anaosha uso, analala. Nilimuuliza siku moja ni mchezo gani huo.

"Nanyoosha miguu," akasema.

Mpenzi wake, Jepkosgei, alikutana naye Njoro, kwenye duka la dawa za mifugo anakouza. Makokha alikuwa ameingia kununua dawa ya panya.

"Panya wenyewe ni wa ukubwa gani?" Jepkosgei akauliza.

"Si kama wa New York. Wa New York wanafika..."

"Boss, hapa hatuuzi ya New York."

Akarudi siku ya pili bila panya wowote wa kusingizia. Miaka miwili baadaye bado anarudi. Na mwezi wa pili mwaka huu Jepkosgei akamwambia, tukiwa tumeketi kwa kibanda cha chai nje ya duka, "Baba ameona ile video yako. Anasema mtu anayejua dunia nzima aje nyumbani, ana maswali machache tu."

Makokha akatabasamu. Goti likaanza.

Tulipanda Kuresoi Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu. Makokha ndiye aliyechagua tarehe, baada ya kusoma wastani wa mvua wa miaka thelathini. Mvua ilituanza tukitoka Molo, na hiyo mvua haikuwa imesoma chochote. Gari la kukodi lilizama kwa matope mara mbili, na mara zote mbili walioshuka kusukuma ni mimi na mzee Muturi. Muturi ndiye mwenye nyumba wa Makokha na ni mzee wa kanisa. Tulimbeba kama msemaji kwa sababu Makokha hana baba mdogo wala mjomba hapa Nakuru. Mamake, Mama Awuor, alikaa mbele na mkoba juu ya magoti. Makokha alikuwa na shati jembamba. Mtu ameandika kurasa nzima kuhusu kuvaa tabaka tatu ukienda Cusco, na kwa baridi ya Kuresoi amekuja na tabaka moja, tena la mikono mifupi.

Babake Jepkosgei, Mzee Kemboi, alitukaribisha kwenye sebule yenye moto wa makaa katikati. Mtu mfupi, koti refu, kofia ya sufu. Wazee wengine wawili walikaa kando yake na fimbo zao, na mpaka tunaondoka sikusikia sauti zao.

"Kijana, nimeona video," Mzee Kemboi akaanza.

"Asante, Mzee."

"Sijasema ilikuwa mzuri."

Makokha akavuta chini ile mikono mifupi ya shati.

"Hapa kwangu siku ya kwanza ni ya maswali," mzee akaendelea. "Chai mtakunywa. Nyama ni siku ingine, kama iko siku ingine. Sasa. Kwenu ni wapi?"

"Kiamunyi, Mzee."

"Hapo unalipa nyumba."

"Anajaribu kulipa," Muturi akanong'ona. Mama Awuor akamfinya.

"Nakuru basi," Makokha akasema. "Nimezaliwa Nakuru. Baba alizaliwa Nakuru, kwa nyumba za reli. Babu ndiye alikuja kufanya kazi ya reli."

"Alikuja kutoka wapi?"

"Namukhasi. Upande wa Bungoma."

Mzee Kemboi akaweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyesikia jina la deni. "Namukhasi naijua," akasema. "Nimepeleka viazi Namukhasi na lori miaka kumi na moja. Nilikuwa narudi na wimbi, ule ulezi wa ugali. Soko ni siku gani?"

Sijui ni nini kilimwingia Makokha. Nadhani ni mazoea. Aliketi wima, akajibu kwa ile sauti ya tovuti: "Soko liko wazi kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, isipokuwa sikukuu za kitaifa."

"Soko ni Jumatatu na Alhamisi. Siku zingine hapo ni mbuzi tu. Ukitoka soko kwenda kwa babu yako, unavuka mto ama huvuki?"

Niliona mkono wa Makokha ukiingia mfukoni. Simu ikatoka nusu, akaitazama, ikarudi. Hakuna mtandao. "Namukhasi," akasema, "iko kama mita elfu moja mia tano juu ya usawa wa bahari..."

"Sijauliza bahari."

Moto ukapasuka pasuka. Mzee akamgeukia Mama Awuor, na sauti yake ikawa na adabu zaidi. "Mama, wewe ulifika?"

"Mara moja," Mama Awuor akasema. "Nilienda kuzika mume wangu. Tulifika tukazika tukarudi, wakubwa wake hawakutaka kuniona zaidi ya hapo. Huyu alikuwa darasa la nne. Sikuwa nahesabu mito, Mzee."

Mzee Kemboi akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Kwa mlango wa jikoni niliona pindo la sketi ya Jepkosgei. Lilikuwa halisogei.

"Kijana," mzee akasema, "hii milima imeona watu wakiulizwa kwao ni wapi na wenye wanauliza wako na panga. Mimi nilikuwa hapa. Sikuulizi namna hiyo. Ukitaka kwenu kuwe Nakuru, sawa, ni kwenu. Lakini mtoto wangu akiolewa na wewe, siku moja nitamtafuta. Ama nitatafuta kaburi yake. Nataka kujua nitaenda wapi, na nikifika, kama kuna mtu atatoka kwa nyumba akijua jina lako. Hiyo tu."

Makokha alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, haukutoka hata mji mmoja.

"Pale soko kuna bei mbili," mzee akaendelea, na sasa kidogo kama anacheka, lakini si na sisi. "Ya mgeni na ya mwenyewe. Mama akikupimia wimbi anauliza kwanza, wewe ni wa nani? Mimi miaka kumi na moja nimeuziwa bei ya mgeni, na tunajuana mpaka majina ya watoto. Nenda ununue gorogoro moja, ule mkebe wao wa kupimia. Rudi hapa baada ya wiki tatu uniambie walikuuzia ngapi. Mimi nitajua. Usiporudi, tumekunywa chai pamoja, na hiyo ni sawa pia."

Njiani kurudi, mtandao ulirudi tulipofika Molo. Ujumbe wa Jepkosgei ukaingia, Makokha akausoma kwa sauti bila kukusudia: "Mimi nakupenda lakini siwezi kuolewa na mtu ambaye baba hataki kula naye. Wiki tatu, Max."

"Wiki tatu ni nyingi," Muturi akasema ili kutuliza.

"Mzee, ni siku ishirini na moja," Makokha akasema, na goti lake likaanza kugonga mgongo wa kiti cha mamake.

Mtu mwingine yeyote angeenda stendi asubuhi ya Jumapili. Lakini hawa watu wetu wa kuandika mtandaoni wana ugonjwa mmoja: kazi ikija, wanatafuta wa kumpa. Klayenti wa ng'ambo anampa mtu wa Nairobi, wa Nairobi anampa Makokha, Makokha ananipa mimi, na mimi, tusidanganyane, nina binamu. Makokha akatafuta Namukhasi kwenye intaneti akapata picha moja, ya barabara iliyojaa maji. Akaingia kwenye kundi la Facebook la watu wa huko. Akapata kijana mmoja anayeitwa Peterson, mkazi wa palepale, mwenye simu nzuri na muda mwingi. Akamtumia maswali arobaini. Mto uko wapi? Nyumba ya marehemu mzee wa reli inaangalia upande gani? Nani anaishi hapo? Gorogoro ya wimbi ni ngapi kwa mgeni, ni ngapi kwa mwenyewe?

Siku tano baadaye majibu yakaja, yamepangwa vizuri kuliko ya kwangu ya visiwa. Mto unavukwa kwa daraja la mbao. Nyumba ya babu ilianguka, imebaki jiko. Anaishi hapo shangazi yake, dada wa babake. Mgeni mia tatu na ishirini, mwenyewe mia mbili na themanini. Peterson akaongeza kwamba kwa nauli kidogo anaweza kununua hiyo wimbi, aipakie kwenye basi, ifike Nakuru jioni.

Makokha akaanza kukariri. Alikuwa anatembea chumbani, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi, karatasi mkononi. "Daraja la mbao. Jiko limebaki. Mia mbili themanini. Daraja la mbao." Mimi nilikuwa kitandani nashikilia maswali, namjaribu. Alikuwa anapita yote. Hivyo ndivyo Mama Awuor alivyotukuta. Alikuwa ameleta dagaa wa omena kwenye bakuli. Akasimama mlangoni akasikiliza kama maswali sita.

"Hiyo ni nini?"

"Ni Namukhasi, Mathe," Makokha akasema, amefurahi. "Nimepata kila kitu. Hata kaburi la Baba, jamaa amepiga picha. Tazama, kuna kichaka kidogo lakini..."

Mama Awuor akatazama simu. Akaitazama muda mrefu. Akaweka bakuli juu ya friji.

"Kwa kaburi la babako," akasema, "umetuma mtu wa vibarua."

Angeongeza neno tungepata pa kujibia. Alienda zake, na Makokha akabaki katikati ya chumba na ile karatasi, na nakwambia goti lilikuwa linatetemeka akiwa amesimama. Sikujua hiyo inawezekana.

Jumatatu alfajiri aliondoka. Alibeba begi dogo, chaja mbili, na kwa mazoea tu, ile adapta ya plagi za Ulaya. Ujumbe wake wa kwanza ulifika saa sita: "Nimeshapita mbali kuliko Kuresoi. Nimevunja rekodi." Wa pili, saa tisa: "Hapa hakuna rivyu hata moja. Nyota sifuri. Choo hakuna maelezo." Wa tatu ulikuja baada ya saa nzima: "Sokoni. Mama ameniuliza mimi ni wa nani. Nimemtajia babu. Amefikiria. Amesema: 'Huyo alihamia kwa reli.' Amenipimia kama mgeni."

Halafu kimya, siku nne. Nilimpigia, simu imezimwa. Jepkosgei alinipigia mimi, kwa sauti ya mtu anayejifanya anauliza bei ya chakula cha kuku. "Amefika? Amekula? Amekuambia nini?" Nilikaa na visiwa vyangu nikashindwa kumaliza hata kimoja. Mtu akitoroka na goti lake, kumbe chumba kinakuwa kimya sana.

Aliporudi Ijumaa alikuwa na malengelenge viganjani. Shangazi yake alimtambua kwa masikio kabla hajasema jina, akamkaripia kwa miaka ishirini na mbili mfululizo, kisha akampa jembe. Kichaka cha kwenye kaburi alikifyeka mwenyewe. Daraja la mbao lilikuwa limesombwa na mvua wiki hiyohiyo, kwa hivyo jibu la Peterson lilikuwa limeshaoza. Unavua viatu, unavuka kwa miguu. Alilala jikoni kwa babu, kwenye mkeka, na usiku wa kwanza alitoka nje mara tano kutafuta mtandao. Usiku wa pili mara mbili.

"Wa tatu?" nikamuuliza.

"Kulikuwa na mvua," akasema, akaangalia pembeni.

Tukapanda tena Kuresoi, watu walewale, gari lilelile, matope yaleyale. Makokha alivaa sweta mbili na koti la marehemu babake, ambalo Mama Awuor alikuwa amelitoa sandukuni bila maelezo. Katikati ya miguu alikuwa na mfuko wa wimbi, gorogoro mbili. Sisi tulijua amenunua moja. Hakuna aliyeuliza.

Sebule ileile. Mzee Kemboi hakuuliza soko, hakuuliza mto. Alitia mkono ndani ya mfuko, akachota wimbi, akaipuliza makapi kiganjani, akairudisha. Jepkosgei sasa alikuwa amesimama mlangoni waziwazi, mikono nyuma.

"Jana nimepigia rafiki yangu wa Namukhasi," mzee akasema. "Bei ya mgeni ni mia tatu na ishirini. Ya mwenyewe ni mia mbili na themanini. Sasa wewe niambie. Walikuuzia ngapi?"

Mia mbili na themanini ilikuwa hapo, mdomoni. Peterson alikuwa ameiandika, Makokha alikuwa ameikariri, mimi mwenyewe nilikuwa nimemsikiliza akiikariri. Angeitamka tu, tukale. Muturi alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Mama Awuor aliangalia makaa. Mimi niliangalia goti.

"Ya kwanza niliuziwa mia tatu na ishirini," Makokha akasema. "Waliniambia babu alihamia kwa reli."

Mlangoni Jepkosgei akafumba macho.

"Na ya pili?" mzee akauliza. "Hapa kuna gorogoro mbili."

"Ya pili nilinunua Alhamisi, siku ya soko, kabla nirudi. Ni yule mama wa kwanza. Alikuwa amesikia kuna mtu analima kwa kaburi. Hakuniuliza tena mimi ni wa nani."

"Akakuuzia mia mbili themanini."

"Hapana, Mzee. Alisema bado sijafika hapo."

Mzee Kemboi akaegemea nyuma. Akamtazama yule mzee wa kushoto, akamtazama wa kulia. "Bado," akarudia, kama anaonja. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichotoka kwa pua, akageukia mlango. "Jepkosgei! Ambia mamako alete nyama. Na huyu apewe kiti ingine, hiyo imelegea. Nasikia inalia."

Hakikuwa kiti. Lakini hakuna aliyemsahihisha.

"Sasa niambie," akamuuliza Makokha, amesogea karibu, na sauti imekuwa ya mfanyabiashara wa viazi aliyeumwa na kitu miaka kumi na moja. "Alikuuzia ngapi?"

Shilingi mia tatu.